Aliyeketishwa Pangoni

Nilipokuwa mtoto kule Buswahili, hatukukatazwa kwenda kwenye pango la Kilima Nyabisara. Tulikatazwa kuitana majina tukiwa ndani yake. Bibi yangu Nyanjura, mama yake baba, alilisema jambo hilo kama mtu anayekukumbusha kuinama kwenye mlango mfupi. Jina ulilopewa na wazee wako lisitamkwe mle. Likitamkwa, umekuwa mgeni wa wenye pango, na mgeni huketi. Hutainuka mpaka yule yule aliyekuita akushike mkono na kutoka nawe.

"Na asiponishika?" nilimwuliza.

"Utatoka siku moja, mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani. "Lakini hutatoka mzima."

Mwezi wa nane uliopita wajukuu zangu wakubwa watatu, wanaokaa Iringo mjini Musoma, walitaka niwapeleke kwenye pango hilo. Tuliacha gari barabarani, tukavuka mbuga kavu kwa miguu kwa muda wa karibu saa mbili. Nyasatu, mkubwa wao, alipoufikia mlango wa pango alicheka. "Babu, ndiyo haka? Hapa ndipo mlikuwaga mnaogopa?" Nikamjibu ndipo. Waliingia, mimi nikabaki nje. Nilisingizia magoti.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa darasa la nne, na tulikwenda mwezi kama huo. Mwalimu Elikana aliamua kuwapeleka wanafunzi wakubwa wakaone jinsi maji yanavyokula jiwe. Mimi nilikuwa kiranja. Rafiki yangu Mafuru, ambaye shuleni aliandikwa Yohana, alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la kwanza, na mimi wa pili. Kila mtu alijua kwamba mwaka ule shule yetu ingepeleka mtoto mmoja tu shule ya kati. Hatukulizungumza jambo hilo, mimi na yeye.

Mbuga ilikuwa imeungua. Udongo mweusi ulikuwa na nyufa za kuingiza kidole, na miiba ya migunga ilitushika kaptula. Maji yangu yaliisha kabla hatujafika kilimani. Mafuru akanipa kibuyu chake.

"Kunywa, kiranja," alisema. "Ukizimia nani atatuhesabu?"

Nilikunywa mpaka nikakimaliza.

Ndani ya pango kulikuwa na ubaridi na harufu ya popo, na vumbi laini kama unga. Mwalimu alieleza habari ya maji na jiwe, kisha akasema kwamba hayo mengine ya majina ni mambo ya zamani. Tulicheka sote isipokuwa Mafuru. Alikuwa amelelewa na babu yake, ambaye jina lake ndilo alilopewa, na alisimama kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba.

Wenzetu walianza kutoka. Mafuru alikuwa mbele yangu, nami nilikuwa wa mwisho.

"Mafuru," nilisema. Wala sikupaza sauti.

Alisimama. Aligeuka akanitazama, na hata wakati ule hakunitaja jina. "Kwa nini unanifanyia hivi, ndugu yangu?" Kisha akaketi chini vumbini, akaninyoshea mkono. "Haya, nitoe."

"Inuka mwenyewe. Miguu si unayo?"

Nikatoka.

"Kiranja, wote wapo?" Mwalimu aliuliza.

"Wapo, Mwalimu. Yohana amekata njia kwenda kwao."

Kwao kulikuwa upande wa pili wa kilima, kwa hiyo Mwalimu hakuwa na shaka. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilidhani atachoka na kuinuka. Si kweli. Nilijua hatainuka.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa anapepeta ulezi. "Mume wangu amerudi," alisema. "Mlitoka wote?"

Alinitazama. Aliweka ungo chini.

"Wambura." Nilikuwa sijalisikia jina langu kinywani mwake kwa muda mrefu. "Ulimwita nani?"

"Mafuru."

Hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono akatoka nami, na hakuniachia mbuga nzima. Mara mbili nilijaribu kukaa chini, akanivuta. Tulifika jua likikaribia kuzama. Mbele ya pango akaufungua mkono wake.

"Mimi sikumwita," alisema. "Ingia. Anayemtoa mgeni hasindikizwi." Akaenda kusimama nyuma ya jiwe.

Mafuru alikuwa palepale nilipomwacha. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Umerudi," alisema.

Tulitoka pamoja. Akateremka upande wa kwao bila kugeuka nyuma, na Bibi hakumwona.

Baada ya juma moja akashikwa na homa, ikaisha, ikarudi, ikaisha, ikarudi. Hospitalini Musoma walisema ni papasi, wadudu wanaokaa kwenye vumbi na kumuuma anayeketi muda mrefu. Bibi alisema ni wenye pango. Sijaona ugomvi kati ya maneno hayo mawili. Yote mawili yanasema Mafuru alikaa vumbini, na aliyemkalisha ni mimi. Siku ya mtihani alikuwa kitandani. Homa ilipokwisha, jicho lake la kushoto halikuona vizuri tena. Mimi nilikwenda shule ya kati, kisha nikafanya kazi ya ofisi mpaka nikastaafu. Yeye alilima pamba Bunda.

Hakunichukia, na hilo ndilo lililo gumu. Kila niliposhuka basi Bunda alinipeleka kwa majirani zake. "Huyu aliniita pangoni, utoto tu," alikuwa akisema. "Lakini alirudi peke yake, jua linazama. Nyie mngerudi?" Walitikisa kichwa, wakanipa kiti. Niliketi. Mara nyingi niliufungua mdomo nimwambie, nikaishia kuomba maji.

Tulimzika miaka miwili iliyopita. Mwanawe aliyesoma wasifu alinitaja kwa majina yangu yote matatu, bila kukosea hata moja, kuwa rafiki aliyemrudia baba yake. Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, na sikusimama.

Wajukuu walipotoka pangoni, Nyasatu alijikung'uta vumbi, akaninyoshea mkono ili anisaidie kuteremka mawe. Nikamwambia asubiri kwanza. Nikawaketisha watatu wote juu ya jiwe, lile ambalo Bibi alisimama nyuma yake, nikawaambia sikubaki nje kwa sababu ya magoti. Nikawasimulia yote, pamoja na mkono wa Bibi.

Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha Nyasatu akauliza, "Na Mzee Mafuru ulimwambia lini?"