Daftari la Dada, Mate ya Mdogo Wake

Fundi cherehani alisaka ndugu wa ukoo wake miaka tisa, kwenye rejista za vizazi zilizoliwa na mchwa hadi nyuma ya picha za zamani, akijaza majina daftarini. Halafu mdogo wake akatema mate kwenye kichupa, akapima DNA, na wiki sita baadaye akampata mjukuu wa kaka wa bibi yao, kaka aliyepotea zamani. Kundi la WhatsApp la familia likalipuka: "Mdogo wetu kichwa!" Fundi alisoma huku akishona, sindano ikamchoma; roho ikamuuma kuliko kidole.

Mara simu ikaita.

"Dada, huyu binamu anauliza mama wa babu yake aliitwa nani. Hebu cheki daftari lako."

"Si una mate? Yaulize."

"Jamani dada, yuko hewani anasubiri!"

"Basi niunganishe naye. Hilo jina namtajia mwenyewe."