Nilikuwa Nangoja Ufe

Gemu nililijulia Makanyagio, kwenye banda la mabati lenye jenereta nje na televisheni moja ndani. Msichana nilikuwa peke yangu, na sikujali. Nani angenifukuza, wakati mimi ndiye niliyekuwa nafika mbali kuliko wote?

Tulicheza lile la kimtu kinachopanda ngazi huku kikiruka mawe yanayobingirika. Kilivaa kofia ngumu, basi sisi watoto wa mji wenye migodi tukakiita Mchimbaji. Sheria ya banda ilikuwa moja: ukifa, unaachia kiti. Hakuna kulia. Nikicheza, wavulana walijaa nyuma yangu wakipiga kelele, "Ruka, dada, ruka!" Na nikishakufa tu, nikigeuka hivi, mama huyu hapa mlangoni na mwiko mkononi.

Kila mara! Nilidhani ana uchawi. Alinitandika kutoka bandani hadi nyumbani, huku akiniuliza asiyefunzwa na mamaye nani atamfunza.

Sasa nakaa Shanwe, mji uleule, na mwaka huu mama kaletwa kwangu. Kiharusi kilimkuta shambani kwake Mishamo. Mdomo kilimwachia wote, jambo ninalomshukuru Mungu nikiwa nimetulia na kulilalamikia nikichoka, lakini mkono wa kulia kikaulaza. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimpa kimpira. Akiminye kutwa, alisema, la sivyo vidole vitakakamaa, na jembe ndiyo basi tena.

"Mimi si mtoto," mama akasema, akakisukumia chini ya mto.

Nilimbembeleza. Nilimfokea. Siku nyingine nilijifungia chooni nikalia. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu wangu alishakauka zamani. Kila asubuhi aliniuliza kama mvua zimeanza Mishamo, nani atampandia maharage, na mkono umelala pale pajani kama wa mtu mwingine. Niliogopa, nasema kweli. Mama bila shamba simjui ni nani.

Mashine ya gemu niliinunua kwa raha zangu mwenyewe, sitaki kusingizia ugonjwa wa mtu. Jumapili moja baada ya kanisa nikakuta lile gemu letu la zamani limo ndani, limepakwa rangi upya, linang'aa. Nikapiga kigelegele. Mama akauliza kutoka kwenye kochi nani kaolewa.

Nikaanza. Mashine za siku hizi hazina adabu. Ukianguka zinakuuliza kama ungependa kurudi nyuma kidogo, ujifanye hukuanguka. Nikakataa, mimi nimelelewa banda la Makanyagio. Nikapanda, nikaruka, nikaifikia ngazi ya juu kabisa, nikakimbia.

"Simama!" mama akasema. "Hapo pamekatika. Acha jiwe lipite kwanza."

Nikasimama. Jiwe likapita. Pale kweli pamekatika, lakini huoni mpaka uwe umeshaanguka. Nikamgeukia.

"Mama, umejuaje?"

"Si ndipo ulipokuwa unafia kila siku?"

"Kwani ulikuwa unaona?"

"We mtoto, ulidhani nafika muda uleule unaokufa? Nilikuwa nasimama nje, penye tundu la bati. Nangoja ufe." Akavuta kitenge chake magotini. "Wavulana wote wale wanamshangilia mtoto wangu. Ningeanzaje kukutoa katikati?"

"Na mwiko je?"

"Mwiko ulikuwa wa vyombo ulivyoacha bila kuosha."

Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Miaka yote hiyo nilikumbuka mwiko tu. Na huku nyuma nilishamsahau Mchimbaji, jiwe la pili likamzoa.

"Umekufa," mama akasema.

"Nimekufa kwa ajili yako! Narudisha nyuma."

"Thubutu! Aliyekufa anaachia kiti."

Nikamkabidhi pedi ya kuchezea. Aliilaza mapajani, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto na kuupandisha juu yake, kidole kimoja kimoja, huku akiutukana kwa Kirundi, lugha ya kwao. Jiwe likaanza kushuka. Kidole gumba kikatetemeka. Nilitaka kumsaidia, nikaikalia mikono yangu.

Kitufe kikabonyea. Mchimbaji akaruka, ila alichelewa, na jiwe likampitia miguu.

"Umekufa, mama," nikasema. Nikanyoosha mkono nipokee pedi, maana sheria ni sheria.

Mama hakuniangalia. Alikuwa ameikumbatia pedi, macho kwenye televisheni, gumba linahangaika peke yake juu ya vitufe.

"Hebu toka hapa," akasema. "Nionyeshe hicho cha kurudisha nyuma kiko wapi."