Kitanda cha Wageni Nyumbani kwa Nyanya

Unajua mimi na mume wangu tulivyo. Kila mwaka ikifika siku yetu ya ndoa hatuoki keki wala hatualiki mtu. Tunabeba begi moja na kwenda kulala mahali ambapo mtu mwenye akili zake hangelala. Tumelala ndani ya behewa kuukuu la treni, tumelala juu ya mnara wa tangi la maji, na mwaka juzi tulilala kwenye mashua iliyofungwa ufuoni Rusinga, mimi nikitapika na yeye akinipiga picha. Mwaka huu ilikuwa zamu yake kuchagua, na sheria yetu ni kwamba anayechagua hasemi. Aliniambia tu nivae viatu vya kukanyaga matope.

Tulitoka Kisumu baada ya chakula cha mchana tukashika njia ya Pap Onditi. Nikadhani ananipeleka kwa baba yangu, nikacheka kimoyomoyo. Lakini hakukata kona ya kwa baba. Aliteremka kuelekea ziwani, na kila kona niliijua kabla hatujaifikia. Gari liliposimama mbele ya ua wa minyaa, sikufungua mlango.

"Tumefika," akasema. "Nyumba ya udongo ya zamani, wanaikodisha kwa wageni. Kitanda tu ndicho kipya."

Akanigeukia anione nikifurahi. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi. Ile ilikuwa nyumba ya nyanya yangu, mama yake baba, aliyenilea hadi darasa la sita. Usimlaumu mume wangu. Kwao ni Ukambani, na mahari aliipeleka kwa baba, ambaye alijenga boma lake mwenyewe huko juu kabla sijazaliwa. Huku chini hakuwahi kukanyaga. Boma la nyanya lilibaki kwa kitindamimba wake, baba yangu mdogo, na mimi sikuwa nimerudi tangu tulipomzika nyanya nikiwa shule ya upili.

Acha nikwambie nyumba hiyo ilivyokuwa. Wajukuu wote wa kike tulilala humo, saba kwenye mikeka, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule. Jumamosi tulikandika sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na nyanya alipita juu yake pekupeku akitafuta mahali tulipodanganya. Mchana tuligeuza omena, wale dagaa wa ziwani, waliotandazwa kwenye nyavu juani, tukipigana na kuku. Jioni ilikuwa ugali wa mtama na mnavu uliochemshwa kwa maziwa siku mbili mpaka ukasahau uchungu wake, huku viboko wakikoroma ziwani kama wazee walioshiba. Tulipotandika mikeka, nyanya alikuwa na maneno yake ya kila siku: "Msichana akiolewa, hapa atakuja na sukari, atakunywa chai, atarudi kwake." Kwetu, binti na mumewe hawalali pamoja katika boma la wazazi wa binti, na jambo hilo halina mjadala. Nilikuwa nikilia nikiyasikia hayo, nikiapa sitaolewa hata kidogo.

Baba mdogo alitoka langoni na shati lililopigwa pasi, mkono mbele, uso umejaa tabasamu la kupokea wageni. Akaniona. Tabasamu likamkauka.

"Mtoto wetu," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba."

"Sasa huyu bwana na begi?"

"Ndiye aliyechukua chumba."

Aliketi kwenye jiwe la langoni kwanza. "Kwa simu ilikuja jina ya kwao tu," akasema. "Hiyo jina si ya huku. Nikajua ni wageni." Kisha akamgeukia mume wangu, kwa heshima na kwa aibu. "Ora, wewe ni mkwe wangu. Wageni walale, hiyo ni kazi. Lakini wewe na huyu, kwa nyumba ya mama yangu, hapana. Hiyo siwezi."

Mume wangu alilirudisha begi garini kama kitu cha wizi, akarudi kinyumenyume mbali na lango. "Pole sana, Mzee. Sikujua," alirudia mara tatu.

Mimi niliingia, baba mdogo nyuma yangu. Kama nilidhani nimeshamaliza kushtuka, nilijidanganya. Mafiga hayakuwapo, na mahali pa mitungi palikuwa na bafu la kioo. Sakafu ilikuwa saruji iliyopakwa rangi ya udongo. Kitandani walikuwa wametumwagia maua mekundu kwa umbo la moyo. Na ukutani juu ya kitanda, katika fremu ya dhahabu, kulikuwa na mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, na chini yake pameandikwa: Mwenye Nyumba.

"Huyu ni nani?"

"Sijui," akasema baba mdogo. "Nilipata yeye soko ya Kibuye, kwa mtu anauza fremu. Alikuwa ndani tayari."

"Umemtundika mtu usiyemjua ukamwita mama yako?"

"Wageni wanauliza mwenye nyumba alikuwa nani. Mama alikuwa na picha? Ile moja ya kitambulisho ilirudi kwa chifu alipokufa."

Hapo hasira ilinipanda. Saruji ningeisamehe, na bafu, na hata yale maua. Nyumba alirithi yeye, afanye apendavyo. Lakini nyanya si wake peke yake, na sikuwa tayari kuondoka pale nikimwacha amegeuzwa mtu mwingine. Nikamwambia aitoe.

Hakubisha. Alipanda kiti, akaishusha, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Kuna mtu huko ufuo ya Dunga anachora mashua," akasema polepole. "Anaweza chora mama. Lakini mimi nimesahau, nakwambia ukweli. Wewe alikulea. Sema vile alikuwa."

Nikaanza mara moja, kwa kiburi. Nilisema viganja vyake vilivyopasuka kwa magamba ya samaki. Nilisema bega la kushoto lililoshuka kwa kubeba maji, kidole gumba cha mguu kilichopinda, sauti ya kukwaruza, harufu ya moshi na ugoro. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa kila kimoja, machozi yakimlengalenga.

"Na uso?"

Nikarudi utotoni kichwani mwangu. Nilimtafuta penye mafiga, nikamtafuta kwenye nyavu za omena, nikamtafuta mlangoni akituita. Kila mahali aligeuka kunitazama, na kila mahali alikuwa na kitambaa cheupe na mashavu ya yule mwanamke wa Kibuye. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa dakika chache tu. Nilifumba macho, nikajaribu tena, na nilipata mwanamke yuleyule.

Nilijua kuwa nyumba huanguka, na kwamba watoto waliolala mkeka mmoja hutawanyika. Hayo nilishayazoea. Sikujua kwamba uso wa mtu aliyenilisha kwa mkono wake ungeweza kuniponyoka, nami nisijue ulitoka siku gani. Niliogopa, ndugu yangu, kuliko nilivyoogopa siku ya maziko yake.

Baba mdogo alikuwa bado ananingoja, fremu mikononi.

"Irudishe," nikamwambia.

Akapanda kiti tena, na mimi nikasimama chini nikimwelekeza mpaka ikanyooka.