Turbo ya Jafari na Shikamoo za Njiani

Kijiji kizima cha Mtae, juu milimani, hakukuwa na mtu aliyejua kuamkia kama Jafari Shemboko. Wengine tunaamkia kwa mdomo tu, yeye aliamkia kwa mwili mzima. Akimwona mzee kando ya barabara, hata gari liwe limesheheni kabichi hadi juu, anasimama, anazima injini, anashuka, anafuta mikono kwenye suruali, anainama kidogo: "Shikamoo, baba." Ndipo zifuate habari za nyumbani, za mbuzi, na za lile goti linalosumbua wakati wa baridi.

Nilimwuliza siku moja kwa nini lazima azime. Akanitazama kama niliyemwuliza kwa nini anavaa nguo.

"Utamwamkiaje mtu mzima huku chuma kinanguruma pembeni? Si ni sawa na kumwamkia huku unatafuna muwa?"

Adabu hiyo alipewa na mama yake, lakini kazi nayo iliikoleza. Alianza akiwa utingo wa lori la ushirika, miaka ile dizeli ilipatikana kwa kibali, na hata ukiwa na kibali hupati. Sheria ya lori ilikuwa moja: likisimama, zima. Jafari alikaa juu ya magunia miaka kumi na mmoja kabla hajakabidhiwa usukani, na sheria ile ikamwingia mpaka kwenye mifupa.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Mwaka tisini na tatu wakulima thelathini na mmoja wa Mtae wakaungana, wakanunua pikapu ya mtumba kutoka Japani. Dereva akawa Jafari, nani mwingine? Injini ya dizeli, silinda nne, lita mbili na nusu, na ubavuni mwake turbo ya kuiongezea nguvu. Aliyewauzia Dar es Salaam aliwaambia inapanda mlima kama mbuzi, na kwa hilo hakudanganya. Ikipanda kutoka Mombo, chini tambarare, na shehena ya mabati na sukari, iliyapita malori makubwa yakiwa yanatambaa kama vinyonga, huku turbo ikipiga mluzi, fyuuu! Watoto wakaipa jina: Filimbi.

Baada ya miezi saba Filimbi ikanyamaza. Moshi wa bluu nyuma, nguvu hakuna, turbo imekufa. Ikafungwa nyingine. Miezi mitano, nayo ikafa.

Wakulima wakaitana. Hawakumtukana Jafari, na hilo ndilo lililomwuma. Mwenyekiti alisema kwa upole kabisa, "Tunafunga ya tatu. Hiyo nayo ikifa, ndugu yetu, funguo tutampa Davis."

Davis alikuwa kijana aliyelelewa kwenye mashamba ya chai, mwenye leseni mpya na miwani ya jua anayoivaa hata kukiwa na ukungu.

Nyumbani Jafari alimwambia mkewe, "Hidaya, nikirudi jembeni sitakufa njaa. Lakini kila siku nitakuwa nasikia mluzi unapita barabarani, na anayeendesha si mimi."

"Basi nenda kamwulize fundi ukweli," Hidaya akasema. "Usimwulize gari lina nini. Mwulize wewe una nini."

Fundi Sefania, pale Lushoto chini ya soko, alikuwa mtu wa maneno machache na mikono myeusi. Alipomaliza kufunga turbo ya tatu, akajifuta, akapanda gari.

"Unakwenda wapi?" Jafari akashangaa.

"Mtae, na wewe. Gari nimeshalichunguza mara mbili, halina kosa. Leo namchunguza dereva."

Wakapanda. Kabla hata ya kufika Shume Jafari alikuwa amezima mara nne: bibi mwenye kuni, mzee mwenye mbuzi, mwalimu wake wa chuo cha Kurani, na shangazi ambaye hakuwa hata shangazi yake. Mara ya tano Sefania akashuka, akafungua boneti, akaitemea mate kidogo ile turbo. Chaa! Yakaruka.

"Umeona? Muuaji nimempata," akasema. "Unaiua kwa shikamoo."

"Ndugu Sefania, usinitanie."

"Sikutanii. Humu ndani mna gurudumu dogo, halifiki hata kiganja. Linasukumwa na moshi wa injini, na mlimani linazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Linapozwa na kulainishwa na oili, na oili inasukumwa na injini. Sasa wewe unapanda mlima, chuma kinaiva, halafu unazima ghafla. Injini imelala, gurudumu bado linazunguka, tena kavu. Oili iliyobaki inaungua, inaganda kama mafuta yaliyosahauliwa kwenye kikaango. Ukishapanda mlima, iache ingurume polepole dakika mbili tatu, ipoe. Ndipo uzime."

"Mbona lori la ushirika lilikuwa linazimwa hivyo hivyo?"

"Lile halikuwa na turbo, bwana. Lilikuwa na subira."

Jafari akawasha gari, wakaendelea. Wale wa njiani akawaamkia injini ikinguruma, akajihisi kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Lakini hao hawakuwa mtihani wenyewe. Mtihani ulikuwa kwenye kona ya mwisho, juu kabisa ya mlima wa kuingilia Mtae. Hapo ndipo penye nyumba ya Mzee Selemani, baba yake Hidaya, ambaye kila alasiri huketi kibarazani akichambua maharage, na ambaye hajawahi kusamehe salamu pungufu.

Filimbi ikafika kileleni ikihema. Jafari akasimama. Mkono ukaenda wenyewe tu kwenye ufunguo, kwa mazoea. Sefania akakohoa. Mkono ukarudi.

Akashuka, injini ikinguruma nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

Mzee Selemani akaendelea kuchambua. Punje moja. Punje ya pili.

"Shikamoo, baba."

"Nasikia gari," mzee akasema. "Mtu simsikii."

Jafari akageuka kulitazama gari. Zima tu, moyo ukamwambia, mambo yaishe. Badala yake akachuchumaa chini ya baraza.

"Baba, unisamehe. Huyu humo chini ya boneti amepanda mlima tangu Lushoto. Kifua kinamwaka moto. Fundi anasema nikimnyamazisha kabla hajapumua, atakufa, na mimi nitapokonywa funguo."

Mzee akaacha maharage. Akaitazama pikapu, akaisikiliza.

"Sisi tulikuwa tunashuka Mombo kwa miguu, mzigo kichwani," akasema taratibu. "Ukirudi, ukifika kileleni, hukai. Ukikaa ghafla, miguu inakufa ganzi. Unasimama, unaegemea fimbo, unapumua, unasalimiana na wenzako. Ndipo unakaa."

"Ndivyo anavyotaka huyu, baba."

"Mbona hukusema? Marahaba, mwanangu. Hidaya hajambo?"

Hajambo. Na watoto? Hawajambo. Na yule mwenye kikohozi? Amepona. Mbuzi? Mmoja kazaa. Mvua huko Lushoto? Inanyesha kidogo. Mzee hakuacha kitu, mpaka hali ya paa la jikoni aliulizia. Mwishowe akatega sikio, akanyanyua kidole.

"Haya. Sasa kapumua. Mzime."

Sefania alitazama saa yake. Dakika tatu na nusu.

Turbo ile ya tatu ilipiga mluzi miaka minne, na funguo hazikutoka mfukoni mwa Jafari. Davis naye baadaye alipata pikapu ya aina hiyo hiyo. Siku ya kwanza alisimama kwenye kona ile, akazima papo hapo, akavua miwani, akaamkia kwa adabu zote.

Mzee Selemani hakuitikia. Alielekeza kidole kwenye boneti.

"Umemnyima pumzi mwenzio. Washa, tuanze upya."