Machozi Yangu ya Muyinga

Mi ni mtu wa kucheka. Hata mashine ya kushona ikinikwamia, nacheka. Kwa hiyo kile kitabu sikupaswa kukibeba kwenda Muyinga kwenye msiba wa baba mdogo, na mtu asinitetee.

Aliniazima mteja wangu hapa Gitega. Riwaya ya mpelelezi mwoga, kila akikuta maiti anaiomba radhi kwanza, "Samahani mzee," ndipo apekue mifuko. Watu wanauawa, nawe umeshika mbavu. Nilikuwa nimebakiza sura chache, muuaji bado hajulikani. Mume wangu akaniambia, kiache nyumbani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri wanawake tulikaa mikekani, mama mdogo, mjane wa marehemu, kwenye godoro lake pembeni, macho makavu. Wengine wanavuta tasbihi. Mi nikajificha nyuma ya mgongo mpana wa shangazi, nikakifungua ndani ya mtandio. Ukurasa mmoja tu, nikajiambia. Kumbe ni pale mpelelezi anapojifanya ndugu wa marehemu ili amvizie muuaji, anakosea nyumba, analia kwenye msiba wa watu asiowajua mpaka wenye msiba wanaanza kumbembeleza yeye na kumpakulia minofu.

Kicheko kikanitoka. Yarabi, kikanitoka! Nikauma mtandio, nikainamisha kichwa magotini, kitabu nikakikalia. Mabega yanatikisika, machozi yanatiririka, sauti inanitoka kama ya mbuzi.

"Bon, mwacheni alie," shangazi akasema. "Alimpenda sana baba yake."

Mara nikasikia mikono inanikumbatia. Ni mama mdogo. Yeye ambaye mumewe alizikwa jana, ameinuka kwenye godoro aje kunibembeleza mi. "Basi mwanangu, basi. Baba iko kwa Mungu." Halafu akaangua kilio mwenyewe, cha kwanza tangu maziko, na wanawake wote wakamfuata. Mi peke yangu sikuwa nalia, na uso wangu ndio uliolowa zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Na bado kitabu nilikimalizia kwenye gari ya kurudi Gitega. Muuaji alikuwa mpishi. Nilicheka tena, jamani, na haya zangu zote.

Kwenye arobaini nilirudi Muyinga nimeazimia kumwambia ukweli. Mama mdogo akaniwahi. Alinikalisha karibu naye, akatoa tasbihi ya marehemu, ile ya shanga nyeusi aliyokuwa akishinda nayo dukani. Watoto wake wa kuzaa walikuwa wamekaa palepale.

"Hii ni yako," akasema. "Hakuna aliyemlilia kama we."

"Mama, siku ile mi sikuwa..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Utaniliza tena."

Watoto wake wananitazama. Nikaipokea kwa mikono miwili.