Mama Kurasa Arudisha Onyo Mahali Pake

Jua la asubuhi limeingia dirishani na kulala juu ya kibodi. Mama Kurasa haandiki. Amefumba macho, midomo yake inacheza taratibu, kama mtu anayeota au anayeomba.

"Vyote viwili," anasema akiulizwa ni lipi. "Kabla sijagusa programu inayotumiwa na watu wengi, namwomba Mungu kwanza. Halafu naona kurasa zikipita mbele yangu, polepole, kama maji."

Mama huyu hutengeneza kompyuta za majirani katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuna wiki hupata hela ya chakula na umeme tu. Lakini moyo wake uko kwenye kazi isiyomlipa hata senti: kuboresha programu inayogeuza maelezo ghafi ya mafundi kuwa kurasa za mwongozo, zinazosomwa ndani ya kompyuta hata pasipo na intaneti.

Programu hiyo ilikuwa na kasoro. Ilikusanya maonyo yote na kuyapeleka mwisho wa ukurasa.

Mdogo wake, fundi wa kompyuta katika zahanati, alifuata mwongozo hatua kwa hatua. Akaipa mashine amri, kisha akashuka hadi mwisho wa ukurasa na kukuta onyo kwamba amri hiyo hufuta kila kitu. Baadhi ya kumbukumbu za wagonjwa hazikurudi. Tangu hapo hathubutu kugusa mashine bila kumpigia dada yake simu, na zahanati imeanza kutafuta fundi mwingine.

"Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari," anasema Mama Kurasa. "Sisi tulitanguliza hatari."

Alipoyarudisha maonyo mahali pake, kabla ya amri, majedwali ya ukurasa yakalala upande kama walevi. Akaanza upya.

Leo mdogo wake amekuja kuujaribu ukurasa mpya kwenye mashine kuukuu.

"Usinisaidie, dada."

"Nimefunga mdomo."

"Wewe? Huo mdomo ufunguo wake ulipotea zamani!"

Anasoma. Kidole kinakaribia kitufe, kinasita, kinarudi nyuma.

"Onyo hapa linasema ninakili kumbukumbu kwanza."

Machozi yanamlengalenga dada. Fundi ananakili, anaendelea, anamaliza.

"Kesho zahanati nitaingia mwenyewe," anasema. "Usisubiri simu yangu."

Mama Kurasa sasa atawatumia wenzake wanaoitunza programu hiyo marekebisho yake. Wakiyakubali, yatafika hata kwa watu asiowajua.

"Sihitaji wanijue," anasema. "Naomba tu mtu fulani, mahali fulani, kidole kikiwa juu ya kitufe, asome, asimame."