Kurasa za Ndani za Lemuel Thackett

Lemuel Thackett alikuwa mwoga tangu utotoni, na haikuwa siri. Mji mzima wa Harlan Fork, huko Kansas, ulijua. Mtu wa namna hiyo kumiliki gazeti ni ajabu, lakini alikuwa na mbinu yake. Kama wachapaji wengi wa miji midogo, alinunua karatasi ambazo upande mmoja, kurasa za ndani, ulikuwa umeshachapwa huko mji mkubwa: hadithi, matangazo ya dawa za kikohozi, habari za mbali. Yeye alichapa za nje tu, harusi na bei ya mahindi, maneno yasiyomchoma mtu. Za ndani hata hakuzisoma.

Alhamisi moja, gazeti limeshasambazwa, mkewe Drusilla alimsukumia ukurasa wa tatu usoni. Makala ilisimulia tajiri wa ng'ombe aliyemnyonga mkulima kwa ajili ya kisima, ikamwita muuaji. Ilikuwa habari ya jimbo jingine. Lakini Harlan Fork nako mkulima alinyongwa kwa ajili ya kisima, na aliyemnyonga alijulikana: Purvis Strake, naye tajiri wa ng'ombe.

"Umetuua, Lemuel," alisema Drusilla.

Lemuel akafunga komeo la ofisi, kisha akalifungua, maana mlango uliofungwa ungeonekana kama kukiri kosa. Aliyetangulia kuingia hakuwa Strake. Alikuwa Hedda Lindqvist, mjane wa yule mkulima, amelikumbatia gazeti. Akaushika mkono wa mchapaji, na wino wake wote, akalia.

"Hakuna aliyethubutu, Bwana Thackett. Hata mchungaji alinyamaza. Wewe umesema."

Lemuel alitamani sana kuwa huyo mtu anayeshukuriwa. Bado mkono wake umeshikwa, Strake akaingia, kofia kichwani, akalaza bastola juu ya meza.

"Haya umeandika wewe?"

Lemuel akajibu haraka. "Siyo mimi, mzee. Kurasa za ndani zinakuja zimechapwa kutoka mji mkubwa. Hata sizisomi, muulize mke wangu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Strake akacheka mpaka akakohoa. "Nami nashangaa, huyu kuku kaota meno lini?" Akachukua bastola yake, akatoka.

Hedda aliuachia ule mkono. Akalikunja gazeti, akaliweka mezani.

"Nisamehe," alisema. "Nimekusumbua bure."

Lemuel aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Strake akawa anamsalimia. Lakini kila alipomwona yule mjane anakuja barabarani, alijitosa katika duka lililo karibu, akasimama nyuma ya mlango mpaka apite.